Kengele Iliyonyamaza Mlangoni

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua mliponiacha: nimelala chini ya usukani wa gari la mke wangu, miguu iko nje, nakaza skrubu ya mwisho, na mwenyewe yuko jikoni anaimba. Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, karibuni matangani. Hajafa mtu, msitafute jeneza. Ila nikimaliza kuwasimulia mtanipa pole.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Mke wangu ni nesi, na mtaa mzima unamwita Nesi. Nami nilianza kumwita hivyo kwa utani, mpaka utani ukawa jina. Yeye ananiita Fundi akiwa na furaha. Akiwa amekasirika ananiita "wewe bwana".

Hatukujaliwa mtoto. Nyumbani ni mimi, yeye, na redio ambayo nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyoisikiliza.

Nesi kazi yake ni kuzunguka majumbani, anawafunga vidonda na kuwachoma sindano watu wasioweza kutoka kitandani. Sasa, huyu mke wangu ni mpole kwa wagonjwa, mpole kwa majirani, mpole hata kwa paka wa watu. Mshikishe usukani uone. Gari linapaa.

Trafiki walishampiga tochi mara mbili. Tochi ndiyo ile mashine ya kupimia mwendo. Askari anakuelekezea, inatuma mawimbi usiyoyaona, mawimbi yanagonga bati la gari lako yanarudi, na kwa jinsi yalivyorudi yamebadilika, mashine inajua unakimbia kiasi gani. Alishatozwa faini zote mbili. Mara ya tatu haina faini, ni leseni inachukuliwa. Na nesi wa kuzunguka bila leseni ni sawa na mimi bila mikono.

Ndipo nikaleta balaa nyumbani kwangu mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Kuna dereva mmoja wa lori, rafiki yangu, wanamwita Breki kwa sababu hajulikani kwa kuzikanyaga. Alirudi safari na vigunduzi vya rada viwili, akanigawia kile kipya. Kigunduzi ni sikio tu. Hakimzuii trafiki, hakimpotezi. Kinasikiliza mawimbi ya tochi kutoka mbali, kabla hayajawa na nguvu ya kugonga gari lako na kurudi na jibu. Kinalia, wewe unapunguza, askari akipima anamkuta mtu mstaarabu.

Kule alikokinunua si kosa. Kinauzwa dukani, kimepangwa pamoja na mafuta ya kung'arishia tairi. Huku kwetu ni kosa kuwa nacho, ni kosa kukifunga, na ni kosa hata kikiwa kimezimwa. Nilijua. Nilikifunga hivyo hivyo, nyuma ya dashibodi, pasipofika jicho.

Nesi nilimwambia ni kengele ya mwendo.

"Ikilia, punguza. Maana yake umezidisha."

"Mbona leo imelia nikiwa naenda taratibu?"

"Imeona una nia ya kuzidisha."

Akacheka. Akaniamini. Mke gani atabishana na fundi kuhusu waya? Nilimficha kwa kuwa nilijua akijua atakitupa jalalani siku ile ile. Nesi hapendi ujanja.

Basi hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja Nesi alikuwa bado amelala, gari liko gerejini kwangu, nalibadilishia betri. Breki akaja na kigunduzi chake mkononi, amenuna.

"Fundi, hiki changu kimechanganyikiwa. Nikipita benki kinalia. Nikipita hoteli kinalia. Trafiki hayupo hata mmoja."

"Ni milango."

"Milango gani?"

"Ile ya vioo inayojifungua yenyewe. Inakuona unakuja kwa mawimbi ya ukoo mmoja na tochi. Kigunduzi hakijui huu ni mlango na huyu ni askari."

"Mbona Nesi halalamiki?"

"Chake kina akili kuliko chako."

"Kama wenyewe tu," akasema Breki, akaingia kwenye gari bila kukaribishwa.

Tukatoka kuijaribu betri. Chake akakichomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara, akakipakata. Tukapita benki. Chake kikalia, na cha Nesi kikalia nyuma ya dashibodi. Tukapita hoteli. Vyote viwili vikapiga kelele, sisi tunacheka kama wendawazimu.

Tukavuka reli. Upande ule sijafika tangu waanze kujenga majengo mapya, sina mteja huko. Hata Nesi hana mgonjwa huko, wagonjwa wake wote wako upande wetu.

Mbele yetu likatokea jengo refu, la vioo kuanzia chini mpaka juu, na mlango wake unafunguka na kufunga.

Cha Breki kikalia mpaka akakiziba kwa kiganja. Cha Nesi kimya.

Nikazunguka, nikapita tena. Cha Breki kinalia. Cha Nesi kimya.

"Chako kimekufa," akasema Breki.

Nikarudi mpaka benki, tukapita, kikalia vizuri kabisa. Nikageuza, nikarudi kwenye lile jengo. Kimya.

"Kuna nini, Fundi? Umebadilika rangi."

"Waya umelegea."

Waya haukulegea. Waya za kwangu hazilegei. Kile kigunduzi kipya kina kumbukumbu, na mimi niliisoma vizuri kabla ya kukifunga. Kikisikia sauti ile ile, mahali pale pale, gari likipita tena na tena, kinaelewa kuwa hapo hakuna trafiki bali mlango. Kinaacha kulia. Kinapazoea. Benki na hoteli haziko kwenye njia za Nesi, ndiyo maana huko kililia.

Gari la mke wangu lilikuwa limepazoea mahali ambapo mke wangu hakuwa na shughuli.

Nikamshusha Breki gerejini. Nikamwambia nakwenda kukaza waya.

Njia nzima nilikuwa namjenga yule mwanamume. Nilimpa urefu, nikampa meno yote, nikampa gari linalonukia upya na mikono isiyo na grisi. Nilipofika kwenye reli nilikuwa nimeshampa mpaka sauti, sauti nene ya watu wanaosikilizwa wanapoongea.

Nikaegesha. Sijafunga hata mlango wa gari, mlinzi akanijia anatabasamu.

"Leo dada kamtuma dereva?"

Alikuwa analitazama gari, si mimi. Analijua gari la mke wangu vizuri kuliko anavyonijua mimi mumewe.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni dereva wake."

"Mwambie aache kuegesha upande upande, ananizibia njia. Ila hongera zake. Kafaulu."

"Kafaulu nini?"

"Usaili. Hakukuambia? Ee, madereva hawaambiwi kitu." Akacheka, akanigusa bega. "Hapa wanapeleka wauguzi kufanya kazi ng'ambo, kule kwenye baridi. Wanaingia wengi humu, wanatoka na machozi. Yule dada alitoka anacheka. Na mama yake alicheza hapa hapa, mlangoni, mlango ukawa unajifungua na kujifunga kila akirusha mguu."

Yule mwanamume niliyemjenga njia nzima akabomoka pale pale. Ningeshukuru. Lakini kuna neno lilinikwama.

"Mama yake?"

"Huwa wanakuja wote."

Mama mkwe wangu alishatangulia mbele ya haki kabla sijamwoa binti yake. Sikuwahi kumwona ila kwenye picha.

"Yukoje huyo mama?"

"Mfupi, nywele nyeupe, kofia ya kufuma ya kijani. Ana maneno yule! Kila anayeingia anamuuliza umeoa au bado. Hata mimi kaniuliza."

Ndugu msomaji, ile kofia ya kijani naifahamu. Mwaka ule alipoanza kulalamika kichwa kinapata baridi, mimi ndiye niliyemnunulia ule uzi.

Alikuwa ni mama yangu. Mama yangu mzazi.

Nikalirudisha gari nyumbani kama ninayeota. Nesi alikuwa ameamka, amevaa sare yake nyeupe, anapanga bandeji kwenye mkoba.

"Fundi! Betri vipi?"

"Nzima."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Jua."

Akanipa maji. Akanifuta grisi shavuni kwa kidole gumba kama anavyonifanyia siku zote, akachukua ufunguo, akaondoka kwenda kwa wagonjwa. Nilimtazama akirudisha gari nyuma. Nilitaka kumwita na sikumwita. Laiti ningemwita hata kwa neno moja la kijinga, nisingekuwa naandika haya.

Nikaenda kwa Mama kwa miguu.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kina cherehani, pasi, na vitambaa vya watu mpaka kwenye kiti cha wageni, ukitaka kukaa unashika kwanza gauni la mtu. Nilimkuta ameinama juu ya koti. Koti zito, la rangi ya damu ya mzee, lina bitana ndani na kola ya kufunika masikio. Nilishaliona koti lile likianza kushonwa. Nilidhani ni kazi ya watu.

"Koti la nani hilo, Mama?"

"La mteja."

"Mteja wako anakwenda wapi kwenye baridi namna hiyo?"

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Hakuinua macho.

"Nani kakwambia?"

"Nimeambiwa na mlinzi. Anakupongeza kwa kucheza vizuri."

"Ana mdomo yule kijana," akasema Mama. "Ndiyo maana hajaoa."

"Mama! Unamsaidia mke wangu kunikimbia?"

Akavua miwani. Mama yangu akivua miwani, jua mzaha umekwisha.

"Hakukimbii. Anakwenda kazini. Mkataba ni wa miaka miwili, kisha anarudi."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Mwaka jana. Ulimjibu nini?"

Nikainama kuukagua mshono wa koti.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulimjibu nini?"

Nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba akitoka kwenye mlango wa nyumba yangu asirudi. Niliyasema nikiwa nakula, wala sikuweka kijiko chini. Yeye akasema haya, akatoa vyombo. Mimi nikajua yamekwisha, nikajisifu moyoni kuwa mimi ni mwanamume, nimesema mara moja nikaeleweka.

"Alikuja hapa," akasema Mama. "Akalala kwenye kitanda changu na sare yake, akalia mpaka mto ukawa wa kuanika. Mimi ndiye niliyemwambia nenda. Mimi ndiye niliyemwambia usimwambie mpaka uwe na tiketi mkononi."

"Mimi ni mwanao!"

"Najua wewe ni nani. Nilikuzaa na nikakulea. Ndiyo maana nakujua." Akalikunja koti mapajani. "Marehemu baba yako aliwahi kunizuia mimi. Nilipata nafasi ya kwenda kusomea ushonaji wa maana, kwenye chuo, si huu wa kukata viraka. Akasema mke wangu haondoki. Nikabaki. Nikampikia, nikamfulia, nikamuuguza, nikamzika. Na kila siku nilikuwa na hasira naye, kila siku, na yeye anakula anashukuru. Ulidhani nyumba yetu ilikuwa na utulivu? Ule haukuwa utulivu."

Nilikaa juu ya gauni la mtu.

Nitasema ukweli, maana bila ukweli kuandika huku hakuna faida. Sikuogopa ile miaka miwili. Niliogopa kwamba hatarudi. Hatuna mtoto wa kumrudisha. Hatuna nyumba yetu wenyewe. Cha kumrudisha ni mimi peke yangu, na mimi niliijua thamani yangu.

"Anaondoka lini?"

"Kabakiza kitu kimoja. Wale wa ng'ambo wanataka polisi wamwandikie kwamba ni mtu mwenye tabia njema, hana kosa. Zile faini za mwendo walisema si neno, kila mtu anazo. Wanachokataa ni mtu mwenye kesi. Anapeleka ombi lake wiki hii. Nesi wetu ana kesi gani? Hajui hata njia ya mahakamani."

Mama alisema maneno hayo kwa furaha. Mimi nikasimama, gauni la mtu likaanguka chini.

"Mama, Nesi kapita njia gani?"

"Nitajuaje? Njia zake za siku zote. Kwani kuna nini?"

Kuna kifaa haramu nyuma ya dashibodi yake. Kuna kesi inatembea na mke wangu mji mzima, na anadhani ni kengele.

Nilikuwa nimefika mlangoni nakimbia, simu ikaita. Ni yeye.

"Fundi," akasema. Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia kwa mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake. "Niko kituo cha polisi. Njoo. Tena uje umetulia, usije unahema."

Nilifika nahema.

Kituo kilikuwa na meza ndefu, benchi la mbao, na feni iliyokatika panga moja. Nyuma ya meza alikaa inspekta wa usalama barabarani, mwanamke mnene, miwani imening'inia shingoni. Mbele yake kigunduzi changu kimelazwa chali, waya zimening'inia kama utumbo wa samaki.

Nesi alikuwa kwenye benchi, na sare yake nyeupe, mkoba wa bandeji miguuni.

"Wewe ndiye mume?" akauliza inspekta.

"Ndiyo, afande."

"Unajua hiki ni nini?"

Kabla sijajibu, akajijibu mwenyewe. Nadhani alikuwa anakipenda kisa chenyewe.

"Watu wanadhani sisi tumelala. Wanafunga vitu hivi visikilize tochi zetu. Hawajui kwamba chenyewe kikisikiliza kinanong'ona. Kinavujisha mawimbi yake kidogo kidogo. Sisi sasa tuna mashine inayosikia huo mnong'ono. Mkeo kapita taratibu kabisa, hana kosa la mwendo. Kifaa ndicho kilichomchongea."

Taratibu kabisa. Siku moja ya maisha yake mke wangu ameendesha gari kwa ustaarabu, ndiyo siku aliyokamatwa.

"Sasa sheria iko hivi," inspekta akaendelea. "Anayekutwa nacho ni faini, na jina lake linaingia kwetu, ana kosa la jinai. Aliyekifunga, huyo ni mwingine. Huyo anakwenda jela na gereji yake tunaitia kufuli. Mkeo anasema ni chake. Kanunua barabarani kwa mtu asiyemjua, kafungiwa barabarani na mtu asiyemjua. Subirini hapo niandike."

Nikakaa kwenye benchi. Bega langu likagusa bega lake.

"Umejua lini?" nikamnong'oneza.

"Walipokitoa. Waya zimesukwa kama nywele za mtoto wa shule. Mjini hapa nani mwingine anasuka waya?"

"Kwa nini umesema ni chako?"

"Mimi faini, wewe jela. Wewe ungefanyaje?"

"Na jina lako?"

"Jina langu lina nini?" Akatabasamu. Ndugu zangu, akatabasamu! "Nesi wa kuzunguka nani atamuuliza jina lake lina kosa au halina? Usijali, Fundi. Tutalipa, yataisha, tutarudi nyumbani."

Hakusema neno juu ya lile jengo la vioo. Hakusema neno juu ya usaili wala juu ya koti. Alikuwa ameitupa safari yake pale kwenye sakafu ya kituo cha polisi bila hata kuguna, kwa ajili yangu, na hakutaka nijue kwamba ametupa kitu. Hakujua kwamba ninajua.

Na mimi nilifanya nini?

Nilifurahi.

Andikeni hivyo mahali, mnikumbuke hivyo. Moyo wangu ulikuwa unavuja machozi na chini yake ulikuwa unafurahi. Haendi tena! Sikumzuia mimi, imemzuia sheria. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu kwenye benchi lile, nipangusapanguse uso, nilipe, nimshike mkono, turudi nyumbani. Atapika. Nitakula na kushukuru.

Nilipofikia hapo kwenye kuwaza nikamkumbuka Mama na cherehani yake, na chakula chote nilichokula utotoni kwenye ile nyumba nikidhani kimepikwa kwa upendo.

"Wewe mume," akaita inspekta. "Nimeambiwa ni fundi wa umeme wa magari. Hebu sogea. Itazame kazi hii. Unaijua?"

Nesi akanikanyaga mguu. Akanikanyaga kwa nguvu zake zote.

Nikasimama. Nikasogea mezani. Nikazishika zile waya, waya zangu, nilizozisuka nikiwa namsikia akiimba jikoni.

"Naijua, afande."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu. Kifaa nilipewa mimi, nimekifunga mimi. Yeye nilimdanganya ni kengele ya mwendo. Hajui kitu."

"Afande, anaongopa!" Nesi alikuwa ameshasimama, mkoba umepinduka, bandeji zinabingirika chini ya benchi. "Huyu ananitetea! Ndivyo alivyo! Mume wangu hata kuongopa hajui, mtazame uso wake!"

"Nesi, acha."

"Wewe bwana, kaa chini!"

"Nesi, nenda."

"Niende wapi?"

"Kule kwenye baridi. Koti limebaki vifungo tu."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona mke wangu akikosa neno, ila pale.

"Umejua lini?" akaniuliza, kama nilivyomuuliza mimi.

"Leo."

"Na bado umesema ni chako?"

"Na bado nimesema."

Akaanza kulia pale pale katikati ya kituo, amesimama, mikono imening'inia, hajifuti. Nami nilitaka kumfuta na sikuweza, kwa sababu askari mmoja alikuwa ameshanishika kiwiko.

Inspekta akavaa miwani yake. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

"Sikilizeni nyie. Hapa mezani nina kifaa kimoja na watu wawili wanaokigombania. Sijawahi kuona. Watu wakija hapa kila mmoja anasema si changu. Sasa mmoja wenu anaongopa, na kuniongopea mimi ni kesi nyingine. Mume kashasema lake. Wewe mke, nakuuliza, na hili ndilo nitakaloandika. Ni chako, au ni cha mumeo?"

Nesi alifuta uso kwa mkono wa sare yake. Akageuka. Nilidhani anageukia kwangu, lakini macho yake yalinipita.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama. Alisikia ile simu akanifuata, sijui alifikaje na magoti yale. Kofia ya kijani imekwenda upande, kidole bado kina tondoo la kukinga sindano, anahema kama aliyefukuzwa. Alikuwa amesikia yote, nilijua kwa jinsi alivyoishika fremu ya mlango.

"Mama," mke wangu akamwambia, "nifanyeje?"

Kituo kizima kikamgeukia. Mama yangu akanitazama mimi, mwanawe wa pekee, akanitazama kwa muda mrefu, machozi yanamtoka na hayafuti. Kisha akamtazama mkwe wake.

"Sema kweli, binti yangu," akasema. "Sema, uende."

Nesi akavuta pumzi. Na mimi, niliyekuwa nimekwisha kusema kweli yote, nikafumba macho nikamwomba Mungu mke wangu aongope.